Kanzu Yangu ya Mapindo

Vumbi la Kariandusi halina harufu mpaka linyeshewe. Likiwa kavu unaweza kulivuta puani siku nzima usisikie kitu isipokuwa mkwaruzo kooni. Lakini mvua ikiligusa tu, hutoa harufu ya ubaridi, kama chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Juzijuzi mwanangu alikuwa akinipeleka Nairobi kutoka Nakuru, tukapita Elmenteita mvua ikianza, nami nikamwomba ateremshe kioo. Akasema, "Mum, utalowa." Nikamwambia anyamaze aendeshe gari. Harufu ilipoingia nilishika kifua upande wa kushoto, mahali ambapo kanzu yangu ya kwanza ilikuwa na mfuko, na maskini kijana akadhani ni moyo unanisumbua. Akataka kugeuza gari turudi hospitalini. Ikabidi nimsimulie, na nilipomaliza tulikuwa tumeshapita Naivasha bila mimi kuliona ziwa.

Baba yangu alikuwa mchimbaji. Alitoka Maragoli akiwa kijana, kama wanaume wengi wa kwetu, akaja Nakuru kutafuta kazi ya reli, na alipoikosa akaambiwa kuna machimbo ya udongo mweupe huko Kariandusi ambako hawachagui mtu mradi ana mikono. Udongo ule ulikuwa mwepesi kama unga, na mweupe kuliko unga wowote ambao mama yangu aliwahi kuusonga. Asubuhi wanaume waliingia na sururu katika mapango waliyoyachimba wenyewe, wakiwa na rangi yao waliyozaliwa nayo, na jioni wakatoka weupe kuanzia nywele hadi kamba za buti. Hata kope zao zilikuwa nyeupe. Majirani waliwatania: "Wazungu wetu wamerudi, tandikeni meza!" Baba hakuwa mtu wa mzaha, lakini utani huo aliupokea kwa kuinua kofia, na vumbi likamwagika mabegani.

Mama alikuwa muumini wa moja ya makanisa yale ya kwetu ya kanzu nyeupe, ambayo ninyi wa rika langu mnayakumbuka kwa ngoma na bendera kabla ya kuyakumbuka kwa mahubiri. Kila Jumapili waumini walikusanyika uwanjani katikati ya laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, wakajipanga wawili wawili, wakatembea wakiimba kuzunguka nyumba hadi kwenye banda la mabati tulimosali. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na msafara wetu haukuruhusiwa kuvuka ua wa machimbo. Basi tulizunguka humo humo, mpaka kuku wa watu wakatuzoea wakawa hawatoki njiani.

Mwalimu Nathani, kiongozi wetu, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, alitufundisha watoto habari za umati mkubwa unaosimama mbele ya kiti cha enzi cha Mungu ukiwa umevaa mavazi meupe. Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Baba yangu alikuwa mmoja wao! Alifanya kazi mahali ambapo Mungu anaweka weupe wake, na kila jioni alirudi nyumbani ameuvaa. Nilivimba kichwa vibaya sana. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba baba zao wanachimba udongo lakini wangu anatoka mbele ya kiti cha enzi, na waliponiuliza mbona wote wanatoka shimo moja, niliwaambia wangu ni mweupe zaidi. Na alipokuwa akioga kwenye karai nyuma ya nyumba nilikasirika hasa, kuona maji yakimrudisha kuwa mtu kama watu.

Kwetu, watoto wadogo walitembea pembeni mwa msafara na nguo zao za kawaida. Ulipofika umri wa kung'oka meno ya mbele ndipo uliposhonewa kanzu. Kisha ilikuwapo Jumapili moja katika mwaka, Jumapili ya kupokelewa, ambapo Mwalimu Nathani alisimama uwanjani na kuita jina lako. Ulijibu "Niko!" kwa sauti ya kusikika na kila mtu, ukaingia ndani ya mstari, na tangu siku hiyo jina lako liliitwa kila Jumapili pamoja na ya watu wazima. Sikutaka kitu kingine duniani. Meno yalikuwa yameshang'oka, na kila nilipokuwa peke yangu nilifanya mazoezi ya kujibu, nikamjibu hata mbuzi wa jirani alipolia.

Baba, ambaye mwenyewe hakuwa na kanzu na aliridhika kusimama mlangoni mwa banda akisikiliza, alininunulia kitambaa cheupe cha amerikani huko Gilgil. Alikileta amekificha ndani ya shati kisipate vumbi. Mama akakilaza katika sanduku la bati akisubiri mvua ipungue ndipo akate. Nililifungua sanduku lile mara nyingi kuliko nilivyoruhusiwa. Kitambaa kilikuwa bado kina wanga wa dukani, kigumu, kinanukia upya, nami niliweka shavu langu juu yake na kufunga macho.

Halafu homa ikamshika mdogo wangu Elisha. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa bila kushikiliwa, mtoto wa kuchekacheka, ambaye ukipiga chafya tu yeye anaangua kicheko. Alichemka, akanyamaza, na asubuhi moja mama akatoka nje amemkumbatia akasimama tu uwanjani. Wanawake walikuja mbio. Baba aliitwa kutoka shimoni, akaja na weupe wake wote, na machozi yakamchorea mistari miwili myeusi usoni. Akaingia ndani, akafungua sanduku la bati, akatoa kitambaa changu.

Nilikuwepo. Nilisimama kando ya kitanda nikatazama amerikani ile ikizungushwa taratibu, ikapita miguuni, ikapita mikononi, mpaka Elisha akafunikwa. Hakuna aliyenitazama, na mimi sikuuliza. Wala sikumkasirikia Elisha. Nilimpenda, na nilifurahi kwamba anaenda akiwa amevaa vizuri. Lakini kichwani mwangu jambo lilikaa hivi: Mungu alikuwa ametupimia nyumba yetu kitambaa kimoja, na alipofikiri vizuri akaona ampe Elisha. Nilijua namna mama anavyogawa ugali. Sufuria ikiisha imeisha, hata kama anakupenda. Nikaamini kwamba kwa Mungu nako mambo ni hayo hayo, na kwamba fungu langu limeshaliwa.

Tangu mazishi, baba hakuja tena mlangoni mwa banda. Jumapili aliketi nje ya nyumba yetu akishona buti zake, ngoma zikilia. Mama Truphena alipomfuata kumshawishi, alijibu bila kuinua macho, "Mwambieni Mungu nimechoka."

Huyo Mama Truphena ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wetu. Mwanamke mkubwa, mikono minene kama ya mchimbaji, na ndiye aliyelinda utaratibu. Pindo la kanzu yako likiwa na tope, alikurudisha nyumbani mbele ya watu wote. Nilimwogopa kuliko mbwa wa bwana mkubwa wa machimbo.

Jumapili ya kupokelewa ilipokaribia, mama aliniambia akinisuka nywele, "Utangoja mwaka ujao, Jerida." Alisema kwa upole, na najua sasa kwamba kutamka maneno hayo kulimgharimu. Mimi nilisikia kwamba imekwisha. Kitambaa cha Mungu kimeisha, na mama anaona haya kuniambia.

Ndipo nikakumbuka weupe wa baba. Ule haukununuliwa, haukupimwa, uliletwa nyumbani kila jioni na kumwagwa na maji ya karai! Nilianza kuukusanya. Nilikung'uta buti zake, nikageuza mifuko ya shati lake la kaki, nikajaza mkebe mkuukuu wa chumvi. Asubuhi ya Jumapili ile, mama alipotangulia, nilivaa gauni langu la bluu nikalipaka unga ule kila mahali, mbele, nyuma kadiri mikono ilivyofika, na uliobaki nikaupaka nyweleni ili niwe kama baba. Nikatoka nje. Baba alikuwa ameinamia buti zake, hakuniona nikipita.

Nilijipenyeza mwisho wa mstari wa watoto waliovaa kanzu. Sijui kama kuna mtu aliyedanganyika hata kwa kitambo kidogo. Mama Truphena alinitazama, fimbo ya ngoma ikakwama hewani, nami nikatazama mbele kama askari. Nadhani alishindwa kujua aanzie wapi. Ngoma ikalia, tukaanza kutembea kwa mwendo wetu ule wa kukanyaga kwa nguvu, na kila nilipokanyaga wingu likatoka kwangu. Waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa. Wimbo ukakatika katikati, ukaendelea, ukakatika tena. Mimi sikujali. Nilikuwa ndani ya mstari, mweupe, na nilikanyaga zaidi.

Mvua ilikuja bila kunguruma, kama inavyokuja pale bondeni. Kwanza nilisikia harufu ile. Kisha unga ukageuka uji, ukaniteremka usoni, ukapita miguuni, ukaingia katikati ya vidole, na nilipotazama chini nikaona bluu. Kanzu za wengine zilikuwa zimelowa lakini bado nyeupe. Yangu ilikuwa inaondoka huku naitazama. Hakuna binadamu aliyenigusa wala kunikemea. Mvua ilitoka mbinguni, na mimi sikuwa mjinga. Nilijua ni nani aliyeituma, na kwa nini.

Nikatoka kwenye mstari nikakimbia nyumbani.

Baba alikuwa ameingia mlangoni kujikinga. Aliponiona, buti lilimwanguka. "Jerida! Ni nini imekupata?"

"Mungu amenitoa kwa laini," nikasema.

"Nani?"

"Mungu. Amenyesha mvua, amenitoa. Ile kitambaa alipatia Elisha. Yangu iliisha."

Nilisema bila kulia. Nilikuwa namweleza kama mtu anayetoa habari. Baba alinitazama, maji meupe yakinidondoka sakafuni. Tangu mazishi nilikuwa sijamwona akitazama mtu namna hiyo. Kisha akaninyanyua, na uji wangu wote, akanikumbatia kwenye shati lake akatoka nami mvuani.

Hakusimama mlangoni mwa banda kama ilivyokuwa desturi yake. Aliingia hadi katikati, buti moja mguuni na mguu mwingine mtupu, na watu wakaacha kuimba. Nakumbuka mabati yakipigwa na mvua mpaka ikabidi apaze sauti, yeye ambaye hakupenda kusema mbele ya watu.

"Mtoto yangu anasema kitambaa ya Mungu imeisha," akasema. "Anasema ilikuwa moja, na ilienda na Elisha. Mimi sina jibu. Nimetafuta, sina. Nyinyi ndio mnavaa. Mumjibu."

Mwalimu Nathani aliujua sana mstari wa Biblia wa kusema, nina hakika, lakini hakuusema, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Mama yangu alikuwa ameshika kichwa. Aliyejibu alikuwa Mama Truphena. Aliweka ngoma chini. Akainama kwa shida, akashika pindo la kanzu yake, lile pindo alilolilinda na tope miaka yote, akalitia menoni. Kisha akavuta kwa mikono miwili.

Amerikani ina sauti yake inapochanika. Ninyi mnaijua. Ilichanika moja kwa moja kumzunguka, na akatoa utepe mrefu wenye upana wa kiganja, akanitundika shingoni.

"Hii si yangu, mtoto," akasema. "Mungu alinipatia, na sikuwa nimemfanyia kitu. Sasa anakupatia. Nani amekudanganya ati iliisha?"

Halafu nikasikia sauti ile tena, kutoka upande wa wanawake. Na tena. Banda lote likajaa kuchanika. Mwanamke mmoja mzee asiye na meno alimwomba jirani amwanzishie pindo lake, na walicheka, mtu analia huku anacheka, na tepe zikaja kwangu kutoka kila upande mpaka baba akawa amebeba kitambaa kingi kuliko mtoto. Mama alikuja mwisho. Yeye hakuchana pindo. Aling'oa mkono mzima wa kanzu yake, akaniwekea begani, na hapo ndipo nilipolia.

Walishona wiki ile nyumbani kwetu, mchana hadi jioni, baada ya kazi za nyumbani, wanawake wamejaa mpaka nje. Hakuna tepe mbili zilizokuwa na weupe mmoja. Moja ilifuliwa kwa dawa ya bluu ya kung'arisha nguo nyeupe, nyingine imefifia ikaelekea rangi ya maziwa ya mgando, nyingine mpya kabisa. Jioni moja baba alirudi kutoka shimoni, akaoga, akasimama karibu na wanawake akiwa na kitu mkononi. Alikuwa ameukata mfuko wa shati lake la kaki.

"Nami nataka kutoa," akasema.

Mama aliutazama. Alisema taratibu, asimuumize, "Lakini si nyeupe, Baba Jerida."

Mama Truphena akaupokea. "Lete sindano," akasema. "Hii tumeiona ikiwa nyeupe kila jioni."

Akaushona kifuani, upande wa kushoto. Kanzu ile niliivaa mpaka ikanibana, na ilipochakaa niliuhamishia mfuko kwenye kanzu iliyofuata, na iliyofuata, mpaka leo. Wachungaji vijana huniuliza kiraka hicho ni cha nini. Nimesoma mengi tangu wakati ule, nimefundisha madarasa ya ubatizo, nimezika wangu na kuzikwa kwangu hakuko mbali, na sijawahi tena kuamka asubuhi nikijiuliza kama Mungu ana fungu langu. Nililishika kwa mikono yangu siku ile. Lilinichoma shingoni kwa sababu ya nyuzi.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Nathani aliamua kwamba kupokelewa kutarudiwa kwa ajili ya mtu mmoja. Jua lilikuwa limetoka. Wanawake wa kanisa letu walijipanga uwanjani na kanzu zilizoishia juu ya vifundo vya miguu, nyuzi zikining'inia, na mama yangu mkono mmoja uko wazi mpaka begani. Makarani waliokuwa wameketi kwenye ngazi za ofisi walicheka. Mmoja alipaza sauti, "Panya zimekula kanisa!" Mama Truphena alimwinulia fimbo ya ngoma kwa heshima zote, kama anayemsalimia. Mimi nilitazama ile miguu yote iliyokuwa nje kwa ajili yangu na nikahisi kifua kinataka kupasuka kwa fahari. Mabibi wa kizungu walikuwa wakipita njia ile na hariri zao, lakini sikuwahi kuona watu waliovaa vizuri kama wanawake wetu wale.

"Jerida!" Mwalimu Nathani akaita.

"Niko!" Nilijibu hata mbuzi wakageuka. Nikaingia ndani ya mstari.

Alikuwa anataka kuendelea na majina mengine, aliposikia mtu akikohoa pembeni. Baba alikuwa amesimama pale watoto wadogo wanapotembea, ameshika kofia yake, shati lake halina mfuko.

"Na Elisha," akasema.

Mama akafumba macho. Mwalimu Nathani alimtazama baba, akanitazama mimi, kisha akainua kichwa na kuita kwa sauti ile ile aliyoniita nayo.

"Elisha!"

Hakuna mtu mzima aliyejua ajibu nini. Lakini mimi nilijua, kwa kuwa nilisimama kando ya kitanda na kuona.

"Yuko!" nikasema. "Amevaa kitambaa yangu!"

Mama Truphena akapiga ngoma, tukaondoka, na baba akatembea pembeni yangu hadi bandani akiwa amenishika mkono. Jina la Elisha liliitwa baada ya langu kila Jumapili mpaka tulipohama Kariandusi, na kila Jumapili niliitikia mimi.